Kanisa linajitegemea, sawa, ila watoto je?

Mimi nimelelewa Baptist. Mama alikuwa anatunza funguo za kanisa, anazifunga kwenye pindo la kanga, jumamosi jioni anafagia, jumapili anafundisha watoto, na mchungaji akisafiri yeye ndo anahubiri, na sikuwahi kusikia mtu analalamika. Kwa hiyo mambo ya wenzetu wa Marekani, Southern Baptist, ambao wamisionari wao walifika huku kwetu miaka ya 1950, nayafuatilia kama ya nyumbani.

Kwa asiyejua, sisi Wabaptisti kwa asili hatuna askofu. Kila kanisa linajitegemea, linajiitia mchungaji wake lenyewe. Wenzetu kila mwaka mwezi wa sita makanisa yanatuma wajumbe mkutanoni, wanapiga kura. Sasa 2023 kule New Orleans walipiga kura kama litolewe kwenye umoja wao kanisa la Saddleback la California, lile alilolianzisha Rick Warren, kosa lake ni kuwapa wanawake uchungaji. Warren mwenyewe alisimama kwenye maiki kuwasihi, haikusaidia, kura 9,437 kwa 1,212, nje. Na Fern Creek la Louisville, ambalo Linda Barnes Popham alishalichunga miaka 30, nalo nje. Wakataka pia marufuku ya wanawake wachungaji iandikwe kwenye katiba kabisa, ikahitajika theluthi mbili, 2024 Indianapolis ikafika kama asilimia 61, 2025 Dallas karibu 61, ikakwama mara zote mbili.

Najua wapo ndugu wanaosoma 1 Timotheo 2, pale Paulo anaposema mwanamke asifundishe wala kumtawala mwanamume, na dhamiri zao haziwaruhusu, nawaheshimu, tumebishana sana na bado tunaombeana.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Miaka mingi watu waliobakwa na kunajisiwa na wachungaji wakiwa watoto, kama kina Christa Brown, waliwaomba viongozi wa Southern Baptist waweke orodha ya wahalifu hao ili mchungaji akifukuzwa kanisa moja asihamie lingine kimyakimya. Mwaka 2008 wakajibiwa haiwezekani, eti kila kanisa linajitegemea, hatuwezi kuingilia. Halafu 2022 ripoti ya uchunguzi ikatoka, kumbe ofisini kwao kulikuwa na orodha hiyohiyo tayari, majina zaidi ya 700, imefichwa miaka yote! Nilisoma ile ripoti kwenye simu usiku mpaka nikaiweka chini, nikaenda kuwaangalia wanangu walivyolala.

Mwaka huohuo wajumbe wakapitisha orodha ya wazi iwekwe mtandaoni, ila mpaka wanakutana Dallas 2025 haikuwa na jina hata moja. Sasa mimi nauliza, kujitegemea gani huku ambako mama akihubiri mnaweza kuingilia, mtoto akiumizwa hamuwezi?

Na sisi huku tusijidai. Kanisani kwetu mwalimu wa sunday school akihamia tunapokea barua ya utambulisho, tunaisoma mbele ya ibada, tunampigia makofi, jumapili inayofuata yuko peke yake na watoto kule darasani nyuma, mlango umefungwa kwa ajili ya kelele. Hakuna anayepiga simu alikotoka. Kikao cha kanisa ni tarehe 14, nimeshampa karani ajenda yangu kwa maandishi: simu ipigwe kabla barua haijasomwa, walimu wawe wawili, na mlango ubaki wazi.