Kuvusha abiria 2,400 kwa boti hadi St Peter Port: uzoefu wangu

Kwenye meli za kitalii kazi yangu ni kuendesha boti za kuvushia abiria, ambazo mabaharia huziita tenda. Majira ya joto ya Ulaya meli hupita bandari ndogo za visiwani zisizo na gati la kupokea chombo kikubwa. Hapo meli hutia nanga nje, na abiria wote, wazee kwa watoto, wanavushwa kwa boti asubuhi na kurudishwa jioni. Bandari iliyonifunza zaidi ni St Peter Port, mji mkuu wa kisiwa cha Guernsey, karibu na pwani ya Ufaransa. Naandika kwa mabaharia wetu wa Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja wanaoanza kazi hizi. Mafunzo ya darasani yanakufundisha kuishusha boti. Kuvusha watu 2,400 kwa siku moja na kuwarudisha salama ni kazi nyingine.

Anza na maji, si na ratiba ya meli. Sisi wa pwani tunajua bamvua, maji yanapopanda na kushuka sana, na maji mafu, yanaposogea kidogo, tangu utotoni, ila kipimo cha huko ni kingine kabisa. Mombasa, bamvua kubwa hupanda na kushuka kama mita 3 na nusu. St Peter Port hukaribia mita 10. Ukuta wa gati unaoufikia kwa mkono asubuhi, mchana unautazama kama nyumba ya ghorofa tatu. Maji mengi hivyo yakipita kati ya Guernsey na kisiwa cha Herm, kwenye mlango uitwao Little Russel, mkondo wakati wa bamvua hufika maili 5 za baharini kwa saa. Boti iliyojaa watu inakwenda maili 6 au 7. Ukiielekeza omo, yaani pua ya boti, moja kwa moja kwenye lango la bandari, utajikuta umepelekwa pembeni. Lazima uelekeze omo juu ya mkondo na uiache boti iteleze kwa ubavu kuelekea unakokwenda.

Usiku wa kuamkia bandari naandika kwenye kadi saa ya maji kujaa, saa ya maji kupwa, kimo cha kila moja, na saa ya mkondo kugeuka. Hilo la mwisho ndilo linalowaponza wageni. Pale mkondo haugeuki maji yanapojaa au kupwa kabisa, bali karibu na nusu ya njia kati ya hayo mawili. Anayedhani kwamba maji yakishajaa mkondo umelala anashtukia unamsukuma kaskazini-mashariki kwa nguvu zote, tena saa ambayo foleni ni ndefu.

Sasa hesabu ya watu. Boti hizi ndizo pia boti za kuokolea maisha, na kwa kanuni ya kawaida ya kimataifa boti ya kuokolea haizidi watu 150. Idadi hiyo imepigwa kwa mtu wa kilo 75 aliyebanana na wenzake siku ya dharura. Kwa kuvusha, idadi inayoruhusiwa ni ndogo zaidi, na mara nyingi napakia 100, kwa sababu watu wana mikoba, magongo na vigari vya watoto, na mtu aliyesimama njiani boti ikiyumba anaangukia wenzake. Kupakia watu 100 huchukua dakika 12, safari dakika 12, kushusha dakika 8, kurudi dakika 12. Jumla ni 44, hesabu 45. Boti 4 zikizunguka bila kusimama, unavusha kama watu 530 kwa saa. Abiria wote 2,400 wakishuka, ni saa nne na nusu. Ukianza saa 2 asubuhi, wa mwisho anakanyaga nchi kavu saa 6 na nusu mchana.

Watu wakiona foleni wanapiga kelele iongezwe boti. Boti ya tano haisaidii. Jukwaa moja la kupandia, pale kwenye mlango wa ubavuni karibu na maji, linapokea boti moja tu kwa wakati, na kila boti inalikalia dakika 12. Hizo ni boti 5 kwa saa, watu 500, basi. Hata boti ya nne inaanza kusubiri, na kungoja katikati ya mkondo kunachoma mafuta na kuwatapisha abiria. Kinachosaidia ni mlango wa pili. Ukiwa na milango miwili upande mmoja, mmoja unashusha wanaorudi na mwingine unapakia wanaokwenda, boti haipotezi dakika. Na nchi kavu omba nafasi mbili kwenye pontuni, jukwaa linaloelea la kushukia, si moja, la sivyo umehamisha foleni tu kutoka melini hadi gatini.

Milango yote miwili iwe upande wa demani, uliokingwa na upepo. Hapa pana mtego mwingine wa maji. Meli iliyotia nanga Guernsey inatazama mkondo kuliko inavyotazama upepo. Mkondo ukigeuka, meli inazunguka juu ya nanga yake, na ubavu uliokuwa demani unageuka kuwa joshi, upande unaopigwa na upepo, mawimbi yanapiga jukwaani. Nahodha anaweza kuishikilia kidogo kwa mashine za pembeni, lakini si kwa siku nzima. Kwa hiyo kuhamisha jukwaa kwenda ubavu wa pili nakuweka kwenye mpango tangu mwanzo: dakika 30 bila boti, zitangazwe mapema, zisiangukie saa za jioni. Mkondo ukigeuka saa 7 mchana ni bahati njema, wengi wanakula. Ukigeuka saa 10 jioni, wahimize abiria warudi mapema.

Lakini watu huumia zaidi kwenye hatua moja tu, ile ya kutoka jukwaani kuingia botini. Wimbi la nusu mita linatosha kuipandisha na kuishusha boti kama ngazi inayocheza. Weka mabaharia wawili jukwaani na wawili botini. Abiria afike mikono mitupu. Mkoba, gongo na kamera vinapita kwanza kwa mkono wa baharia. Mshike kifundo cha mkono, naye akushike kifundo chako, kwa sababu kiganja chenye mafuta ya jua kinateleza. Mwambie akutazame wewe, asitazame maji. Boti inapanda, inafika juu, inatulia kama kufumba na kufumbua jicho, hapo ndipo unasema "sasa", na anavuka hatua moja bila kuruka. Boti ikianza kushuka, mrudishe asubiri wimbi lijalo hata kama mguu ameshauinua. Wengi hunyoosha mkono kutaka kushika ukingo wa boti. Huo ndio mkono unaobanwa kati ya boti na dafrao, mto wa kuzuia mgongano, na ukibanwa mifupa haiponi kirahisi. Kamba ya omo na ya tezi, yaani ya nyuma, zizungushwe kwenye chuma cha kufungia na zishikwe na mtu anayezitazama, asiwe anaongea na abiria. Kamba iliyofungwa moja kwa moja boti ikishuka inakatika, na ikikatika inachapa kama mjeledi.

Mawimbi pale jukwaani yakifika mita moja, mimi namwita afisa aje aone kwa macho yake. Guernsey kwa kawaida mji umekingwa vizuri, kwa kuwa pepo nyingi zinatoka magharibi na kisiwa chenyewe ni ukuta. Upepo wa mashariki ndio adui. Ukivuma asubuhi kutoka huko, mawimbi yanaingia moja kwa moja mahali pa nanga, na mara nyingi meli hupita bila kushusha mtu. Abiria wanakasirika, lakini afadhali hasira hiyo kuliko kuwaacha watu 1,500 mjini jioni huku bahari imekataa. Swali la kujiuliza saa 2 asubuhi si kama utaweza kuwapeleka, ni kama saa 11 jioni utaweza kuwarudisha.

Lango la bandari liko kati ya gati la White Rock na mkono wa mawe unaotoka kwenye ngome ya kale ya Castle Cornet. Sikiliza chaneli 12 ya redio, ambako waongozaji wa bandari wanazungumza. Taa nyekundu ikiwaka kwenye kichwa cha gati, kuna chombo kikubwa kinaingia au kutoka, kwa kawaida feri, nawe subiri nje. Ndani punguza mwendo kabisa. Mawimbi ya boti yako yakiwagonga wenye mashua ndogo walioegesha, utakuwa umewaharibia jina wenzako wote watakaokuja nyuma.

Abiria wanashukia kwenye pontuni ya gati la Albert. Pontuni inaelea, kwa hiyo boti na jukwaa la kushukia viko sawa daima, ila daraja la chuma la kupanda juu linabadilika. Maji yakijaa ni tambarare. Yakipwa wakati wa bamvua linakuwa mlima, tena lenye unyevu. Wenye viti vya magurudumu na wazee wenye magoti mabovu wapangie boti za muda usiozidi saa mbili kabla au baada ya maji kujaa, kwenda na kurudi. Waambie hivyo wanapochukua tiketi, usiwaambie wakishakuwa pontuni. Kiti cha kukunjwa kinavuka, lakini vile vya umeme vizito siwezi kuvivusha kwa mikono, na mwenye navyo apewe jibu hilo jana yake ajipange.

Kuna kosa la saa ambalo hujirudia kila msimu. Guernsey inafuata saa za Uingereza, Ufaransa iko saa moja mbele. Meli ikitoka Le Havre bila kubadilisha saa zake, simu za abiria zinajibadilisha zenyewe zikishika mtandao wa kisiwani, na mtu aliyeambiwa boti ya mwisho ni saa 10 na nusu anafika saa 11 na nusu ya meli, ametulia kabisa. Mimi huomba maandishi makubwa yawekwe mlangoni na pontuni: saa ya meli ni hii, saa ya kisiwani ni hii. Mzinga wa Castle Cornet nao unasaidia, hupigwa adhuhuri. Ukilia huku saa ya meli inasema saa 7, tofauti umeisikia kwa masikio yako. Wenye watoto wadogo waambiwe mapema juu ya mlio huo.

Mambo ya baharini yenyewe ni mawili zaidi. La kwanza ni vyelezo vya wavuvi wa kaa na kamba-mti. Kamba za vyelezo hivyo maji yakipwa zinalegea na kuelea juu, na propela inazipenda. Ukihisi boti inatetemeka au sauti ya injini inazama ghafla, toa gia papo hapo. Ukiendelea, kamba inajikaza hadi inasimamisha injini, na boti yenye watu 100 inachukuliwa na mkondo. La pili ni ukungu wa mwanzo wa kiangazi, hewa ya joto ikipita juu ya maji baridi. Unaweza kuja ndani ya dakika 10. Hapo nazipunguza boti ziwe mbili, moja ikienda nyingine ikirudi, kila moja inataja kwenye redio imetoka na imefika, na baharia mmoja anakaa omo kusikiliza. Meli iliyotia nanga hupiga kengele ya haraka sekunde 5 kila dakika, na ikiwa na urefu wa mita 100 au zaidi hupiga pia gongo, sahani ya chuma yenye mlio mzito, huko tezi. Ukizisikia zote mbili unajua uko upande gani wa meli kabla hujaiona.

Jioni ndiyo kazi ngumu. Asubuhi watu wanatoka kidogo kidogo, jioni wanarudi wote pamoja. Boti ya mwisho huondoka nusu saa kabla ya muda wa wote kuwa melini. Watu 900 wakija ndani ya saa moja na nusu ya mwisho, nawe unavusha 500 kwa saa, 150 watazidi, na hao ndio watakaoanza kusukumana kwenye daraja la chuma. Zuia foleni juu, gatini, siyo pontuni. Weka turubai la kivuli, mapipa mawili ya maji ya kunywa na viti kwa wasioweza kusimama, na mtu mmoja wa kupita akiwaambia ukweli: mnangoja dakika 40. Mtu akijua muda anatulia. Mizigo na kadi za abiria zikaguliwe pale pale juu, ili boti ikifika ipakie mara moja.

Kila boti ihesabiwe kwa kihesabio cha kidole na mtu mmoja tu, siku nzima yule yule. Wakihesabu wawili utapata majibu mawili. Mwishoni hesabu ya kompyuta ikionyesha mmoja hayupo, angalia kwanza kadi ambayo haikupigwa mlangoni wakati wa kurudi, kisha mfanyakazi aliyevuka kwa boti ya abiria. Mara nyingi ni mojawapo. Wakati huo boti ya mwisho isipandishwe bado, ibaki majini na injini inawaka hadi jina lipatikane.

Boti zikishainuliwa, kila mwendeshaji anafungua kizibo cha chini maji ya ngamani, yaliyotuama chini ya boti, yatoke. Mimi nakifunga kizibo hicho kwa uzi kwenye usukani, mahali ambapo kesho yake mtu hawezi kuushika bila kukigusa, na hakuna boti yangu inayoteremshwa mpaka serahangi, msimamizi wa mabaharia, akione kimerudi chini na kukazwa.