Ferritini kwanza, chupa baadaye

Mtoto hatulii darasani, anaacha kila kazi katikati, na dukani ipo chupa yenye picha ya ubongo: zinki, magnesiamu, chuma. Inanunuliwa kabla damu haijapimwa, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Kati ya hayo matatu, chuma ndicho chenye hoja ya kusikilizwa. Bila chuma, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia umakini, hakifanyi kazi. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa waliwapa watoto wenye ADHD (tatizo la kutotulia na kukosa umakini) miligramu 80 za salfeti ya chuma kwa siku, kwa wiki 12. Hawakuwa na upungufu wa damu, ila ferritini yao, protini inayohifadhi chuma mwilini, ilikuwa chini ya nanogramu 30 kwa mililita ya damu. Dalili zilipungua. Lakini watoto walikuwa 23 tu, na waliopewa kidonge bandia, yaani kisicho na dawa ndani, ni watano! Huo ni mlango uliofunguliwa kidogo, basi.

Kwa hiyo kuambiwa "damu yake iko sawa" hakutoshi. Hemoglobini inaweza kuwa nzuri huku akiba ya chuma imekwisha. Kinachoonyesha akiba ni ferritini. Nayo hudanganya: homa au malaria huipandisha, hivyo asipimwe akiwa mgonjwa, au ipimwe pamoja na CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha kama mwili una uvimbe au maambukizi.

Kuhusu malaria, Pemba haisahauliki. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 lilisitisha chuma na asidi ya foliki (vitamini) kwa watoto wadogo, maana waliopewa bila kuchaguliwa kwa kipimo walilazwa au kufariki zaidi.

Zinki? Majaribio ya Uturuki na Iran ya mwaka 2004 yalionyesha nafuu. Marekani, kwa miligramu 15 kwa siku, hawakuona tofauti na kidonge bandia. Ikizidi kwa muda mrefu hupunguza shaba mwilini. Magnesiamu ushahidi wake ni mwepesi, na ikizidi mtoto anaharisha.

Daktari akiandika chuma, kiasi hufuata kilo za mtoto. Soma lebo vizuri: kidonge cha salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi kama 65. Mpe na maji ya machungwa. Chai ya rangi isubiri saa mbili. Choo cheusi ni kawaida, na kufunga choo pia hutokea. Chupa ifungiwe kabatini: kwa mtoto wa kilo 15, vidonge vitano vya namna hiyo akivimeza kwa mkupuo vinatosha kumpa sumu, na apelekwe hospitali haraka bila kungoja atapike.