Duara la Babu Halina Farasi Tena

Nimerudi kwenye sarakasi ya ukoo wetu baada ya miaka mingi ya kuishi mbali nayo, na ninyi mliokulia katika mahema mnajua kwamba nyumbani kwetu si mtaa wala namba ya mlango, bali ni pale magari yalipoegeshwa na hema likasimamishwa. Nilitarajia kukuta taa mpya na watoto nisiowajua. Sikutarajia kukuta duara la maonyesho limeondolewa. Mahali pake pamewekwa jukwaa la mstatili linalotazama upande mmoja, lenye skrini kubwa nyuma yake, na vipande vya ukingo wa duara vimerundikwa kando ya gari la jenereta.

Maisha yote ya babu yalikuwa katika duara lile. Alianza bila hema, akiwa na farasi mmoja, kamba, na bibi, ambaye alipiga ngoma kuwaita watu, akakusanya viingilio, kisha akabadili mavazi na kupanda farasi yuleyule. Kabla ya kila onyesho babu alikita kigingi, akafunga kamba yenye urefu wa mita sita na nusu hivi, akazunguka nayo akichora mstari, ndipo maranda ya mbao yakamwagwa. Hakumruhusu mtu mwingine kuishika kamba hiyo hadi mikono yake ilipoanza kutetemeka, na hata hapo alimkabidhi bibi, si yeyote kati ya wanawe.

Kipimo hicho hakikuwa chake. Kilitoka kwa Philip Astley, askari wa zamani wa farasi aliyezaliwa Newcastle-under-Lyme, Uingereza, mwaka 1742, ambaye mwaka 1768 alianza kuonyesha ufundi wa kupanda farasi London, upande wa kusini wa mto Thames, huku mkewe Patty akipanda naye. Duara lake la awali lilikuwa na upana wa karibu futi 62. Baadaye akalipunguza hadi futi 42, yaani takriban mita 13, na sarakasi duniani kote zikalifuata. Farasi anapokimbia kulizunguka kwa mwendo usiobadilika, mtu aliyesimama mgongoni mwake huinamia ndani, na msukumo wa kuelekea nje humzuia asianguke. Aliyesimama katikati na mjeledi mrefu humfikia farasi popote alipo. Wanaoruka vichwa chini, wanaotembea juu ya kamba na chale waliongezwa baadaye, ili kujaza nafasi kati ya farasi na farasi. Kwa hiyo aliyeondoa farasi hakupunguza mchezo mmoja miongoni mwa michezo. Aliondoa sababu ya duara kuwapo.

Nimeambiwa kwamba nyakati zimebadilika, nami najua. Sarakasi ya Ringling ya Marekani iliwaondoa tembo wake mwaka 2016, ikafungwa mwaka 2017, na iliporejea mwaka 2023 haikuwa na mnyama hata mmoja. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2019 ya kuzuia wanyama wa porini katika sarakasi zinazosafiri, na naiunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa simba hana raha ndani ya behewa. Lakini farasi si mnyama wa porini, na kwetu hakuna sheria iliyomfukuza. Farasi wetu waliuzwa kwa sababu ya gharama za majani, kwato, daktari na magari ya kuwabeba, na hayo ningeyasikiliza kwa utulivu kama yangesemwa wazi.

Kinachoniuma zaidi ni kijitabu kinachouzwa mlangoni. Kinasema kwamba babu aliota ndoto ya hema kubwa, akaitimiza. Farasi hatajwi, ngoma haitajwi, na bibi anaonekana katika picha moja tu, akitabasamu pembeni. Wageni wanaondoka wakidhani mwasisi wetu alikuwa mfanyabiashara wa viti na taa.

Wewe unayejiandaa kurudi kwa watu wako wa sarakasi, kabla hujaketi kula nao, ingia hemani ukatazame chini, kwa maana huko ndiko utakakojua kilichobaki. Kaa na wazee waliowahi kupaka ulimbo mgongoni mwa farasi ili miguu isiteleze, uandike majina ya farasi hao na ya wanawake waliowapanda, maana vijitabu havitayaandika. Ukiikuta kamba ya kipimo, ichukue mara moja.

Ya kwetu sijaiona. Nimemwomba binamu yangu anayeongoza sasa vile vipande vya ukingo visiguswe, naye amekubali kuvihifadhi hadi msimu uishe. Baada ya hapo, amesema, atavitoa kwa yeyote anayehitaji mbao. Nimeshamwambia kwamba anayezihitaji ni mimi.