Salto ya nyuma

Tangu mvua za kwanza zianguke, mimi wa jimnastiki sijaweza kuruka salto ya nyuma, kule kupinduka kinyumenyume hewani, peke yangu ipasavyo. Mbele hakuna shida, hata nikiwa nimelala vibaya. Nyuma, mwili unagoma. Nakimbia, naingia rondadi, ule mzunguko wa mikono chini unaokugeuza uangalie ulikotoka, miguu inatua pamoja inavyotakiwa, mikono inapanda, halafu nabaki nimesimama katikati ya godoro kama mtu aliyefika sokoni akasahau alichotumwa.

Wanaonifahamu wanajua habari ya kifundo cha mguu. Kiliteguka mazoezini, si kwenye mashindano, na sikuwa hata nimechoka. Uwanja rasmi wa mazoezi ya sakafu una mita 12 kwa 12, na chini yake kuna springi. Wetu ni magodoro yaliyopangwa juu ya sementi, na yakirukiwa jioni nzima yanaanza kuachana. Nilitoka kwenye salto, mguu wa kushoto ukatua godoroni, wa kulia ukaingia kwenye ufa. Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo barafu ikabidi itafutwe kwa mama mmoja muuza vinywaji mwenye jenereta. Alipoona mguu wenyewe akakataa pesa.

Picha ya hospitali haikuonyesha mfupa uliovunjika, ni kano za upande wa nje zilizovutika. Mama mdogo wangu wa Katuba hakuridhika. Alitaka nipelekwe kwa mzee mmoja anayekanda viungo, na ilibidi mama aingilie kati kwa maneno matamu na sahani ya bukari, yaani ugali. Mimi nilifuata aliyonieleza mtu wa mazoezi ya tiba: ndani ya kano kuna neva zinazoupasha ubongo habari kwamba mguu umekaaje, na kano ikiumia habari hizo zinachelewa. Ndiyo maana mtu aliyeteguka mara moja huteguka tena kirahisi. Dawa yake ni kusimama kwa mguu mmoja, kwanza macho wazi, kisha macho yamefungwa. Nilisimama hivyo nikipiga mswaki, nikisubiri taxi ya kwenda chuoni Kasapa, hata nyuma ya darasa profesa akiwa anaandika ubaoni. Kifundo kilipona. Nikadhani yamekwisha.

Yaliyofuata ni magumu kuyaeleza hapa Lubumbashi, mji ambao mtu akisema michezo anamaanisha Mazembe, timu ya mpira. Nikisema nafanya jimnastiki, watu watatu kati ya watano watanikumbusha Kidiaba, kipa wa Mazembe, akirukaruka kwa makalio mwaka 2010, walipoitoa Internacional ya Brazil na kwenda fainali ya dunia ya vilabu. Nacheka nao, kwa kweli ile ilikuwa raha. Lakini jaribu kumweleza mtu kama huyo kwamba una miguu mizima, misuli mizima, unajua salto tangu ukiwa sekondari, na hata hivyo huwezi kuifanya. Atakwambia unaogopa. Atakwambia ujikaze. Jirani yetu alisema kuna mtu ananionea wivu, tuombe. Tuliomba, sala haijawahi kumdhuru mtu. Jumatatu nikakimbia, nikaingia rondadi, nikasimama.

Simone Biles mwenyewe, yule bingwa wa jimnastiki wa Marekani, mwaka 2021 kwenye Olimpiki ya Tokyo, alipanda hewani kutoka kwenye meza ya kurukia akiwa amekusudia kujipinda mara mbili na nusu, akajipinda mara moja na nusu tu, akatua bila kujua vizuri alikokuwa. Akajitoa kwenye fainali ya timu. Watu waliandika mengi juu ya ujasiri na uoga. Mimi navutiwa na alichofanya siku chache baadaye. Alirudi kwa ajili ya fainali ya boriti, ule mhimili mwembamba wa kuchezea juu yake, na badala ya kushuka kwa mizunguko ya kujipinda akashuka kwa salto mbili zilizonyooka miguu, bila kujipinda hata kidogo. Akapata shaba. Yaani aliondoa kile ambacho mwili ulikataa, akacheza na kilichobaki.

Ndivyo nilivyoenda kwenye mashindano ya vyuo. Nilimwambia Kocha nitacheza mbele tu. Hakupenda, na alikuwa na haki yake, maana alama za timu zinajumlishwa. Kanuni zinataka salto ya mbele na ya nyuma kwenye sakafu. Ukikosa mojawapo, nusu pointi imekwenda kabla hujaanza kuhesabu makosa. Boriti nayo inataka uende pande zote mbili. Nikakubali hasara hiyo waziwazi, tukaingia.

Boriti yetu ya mazoezi ilitengenezwa na seremala wa Kenya, mtaa wa Kenya, namaanisha. Upana wake ni ule ule wa sentimita 10, lakini ni fupi, na tumeivika zulia la zamani. Ile ya mashindano ilikuwa ya kweli, mita tano, juu mita moja na robo, na inadunda kidogo ukitembea. Niliipenda mara moja. Sikuyumba. Kwenye sakafu nilikuwa na dakika moja na nusu zangu, nikazitumia zote, kila kidole cha mguu kimenyooka, maana kwa miezi ile sikuwa na jingine la kusafisha. Alama ya utekelezaji inaanzia 10 kisha inamegwa: moja ya kumi kwa kigoti kilichopinda, tatu kwa hatua kubwa, pointi nzima ukianguka. Haijawahi kumegwa kidogo vile kwangu. Alama ya ugumu ilikuwa ya mtoto mdogo. Jumla yake ikanipeleka chini ya nusu ya orodha, na timu yetu haikupata kitu. Kwenye basi la kurudi hakuna aliyenilaumu, ila hakuna aliyekaa karibu nami pia. Wadogo walikuwa kwenye simu wakitazama tena ile video ya Kaylia Nemour wa Algeria, Paris 2024, alipopata 15.700 kwenye nondo, zile fito mbili za kuning'inia, na dhahabu ya kwanza ya jimnastiki ya Olimpiki kuja Afrika. Sisi nondo hizo hatuna kabisa. Wanazijua kwa simu tu, lakini wanaweza kukutajia kila mruko kwa mpangilio.

Baada ya pale tukaanza upya: magodoro matatu, moja juu ya jingine, trampolini ndogo, na mkono wa Kocha. Mkono mmoja kiunoni, mwingine nyuma ya paja, ananizungusha. Ajabu ni kwamba kwa mkono ule sikuwa na hofu yoyote. Akinigusa tu kiunoni, mwili unakumbuka kila kitu, hata nguvu anayotumia inapungua hadi vidole viwili. Hapo ndipo neno ujasiri liliponichosha kabisa. Ningekuwa mwoga, vidole viwili vingenisaidia nini?

Halafu siku moja nikazunguka, nikatua, ukumbi mzima ukapiga makofi. Sikuelewa. Mdogo mmoja akanijia mbio na simu, akiniita yaya kama wanavyomwita dada mkubwa: "Yaya, angalia, hakukushika!" Kweli, kwenye video mkono wa Kocha unakuja mpaka karibu na mgongo, unabaki hewani. Wote walitarajia nifurahi. Nilikasirika hadi mikono ikatetemeka. Nikavaa viatu, nikaenda nyumbani, na wiki ile sikufika tena ukumbini. Kocha alipiga simu kwa baba, si kwangu, na baba akasema, "Mtoto umemdanganya, papa, sasa unataka nimwambie nini?"

Nadhani makocha wengi wanaipenda hila ile. Inafanya kazi kwa watoto wa miaka saba wanaojifunza kwa mara ya kwanza. Mimi niliingia kwenye ufa wa magodoro niliyoambiwa yamefungwa vizuri. Tatizo langu halikuwa salto, lilikuwa kujua kama kilicho chini yangu kipo au hakipo. Ukiondoa mkono bila kuniambia, kesho hata ukiwepo sitauamini.

Nilirudi, tukazungumza, yeye na mimi, kwenye ngazi za nje. Hakuomba msamaha kwa maneno, ila alikubali sharti: kabla sijakimbia aseme kwa sauti "nakushika" au "sikushiki", na mimi nina ruhusa ya kutokwenda. Jumamosi alisema "sikushiki". Mara ya kwanza nikasimama. Mara ya pili nikaenda, nikatua chini sana, kiganja kikaegemea godoro. Kwa waamuzi huko ni kuanguka, pointi nzima. Kocha akasema tu "goti", nikarudi mstarini.

Wiki ijayo ukumbi umekodiwa kwa harusi, kwa hiyo tutafanyia kwenye majani kule Kasapa. Kwenye majani siruki nyuma. Nimeshamwambia.