Maji ya Galanos na keekee yangu butu

Jana, nikitoka kumtazama mama mdogo huko Amboni, nilipita kwenye chemchemi za maji moto za Galanos na kukaa ukingoni karibu saa nzima. Harufu ya salfa hukupokea kabla hujayaona maji yenyewe. Nilitumbukiza mkono hadi kwenye kifundo, na mzee mmoja aliyekuwa akijimwagia maji magotini kwa kopo akaniambia, "Haya yametoka mbali, mwanangu."

Neno lake limenikaa, maana mbali huko ni chini ardhini, kwenye joto. Wenzetu wa Olkaria, Kenya, wanazalisha umeme wa jotoardhi tangu mwaka 1981, kwa kuwa volkano za Bonde la Ufa zimewasogezea joto karibu. Sisi wa pwani hatukujaliwa hivyo. Hata hivyo, joto huongezeka kwa wastani wa nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilometa unayoshuka ardhini, kwa hiyo hata chini ya mitaa yetu ya Ngamiani na Chumbageni hapa Tanga limo joto la kuendesha mitambo, ila liko kina ambacho vyuma vyetu havikifikii.

Ugumu huo naujua kwa mikono yangu. Nilipokuwa kibarua kwenye gari la kuchoronga visima vya maji huko Muheza, keekee, kile chuma chenye meno kinachokata mwamba, ikishakuwa butu tulichomoa mabomba moja baada ya jingine, tukafunga nyingine, kisha tukayashusha yote upya, na hapo kisima hakizidi mita 80. Keekee moja ninayo hadi leo, meno yake yamelainika kama kokoto za ufukweni. Warusi walioanza kuchoronga katika Rasi ya Kola mwaka 1970 walifika mita 12,262 mwaka 1989, wakakuta nyuzi 180 hivi, joto kubwa kuliko walivyotarajia, na hawakuvuka kina hicho.

Ndiyo maana kazi ya Quaise, kampuni ya Marekani iliyotokana na utafiti wa chuo cha MIT, imenigusa sana. Tabaka za juu wanakusudia kuzichoronga kwa njia ya kawaida, lakini kwenye mwamba mgumu keekee inaondolewa kabisa: mtambo uitwao jairotroni, uliotengenezwa kwa ajili ya utafiti wa nishati ya kuunganisha atomi, unapeleka mawimbi ya milimita, jamaa ya yale ya maikrowevu, kupitia bomba hadi mwamba uyeyuke na kugeuka mvuke. Hakuna meno ya kulika. Shabaha yao ni kufikia mahali ambapo maji, yakipita nyuzi 374 chini ya mgandamizo mkubwa, si kimiminika wala mvuke, nayo hubeba nishati nyingi kupita mvuke wa kawaida.

Mwaka 2025 walifikisha mita 100 katika mwamba wa itale huko Texas. Ni kina kinachozidi kidogo tu visima vyetu vya Muheza, na safari ya kilometa nyingi bado iko mbele yao. Lakini mimi niliyeyachomoa mabomba yale juani naziheshimu mno mita hizo. Mitambo yetu ya umeme wa maji ya Hale na Pangani husubiri mvua ijaze mto. Yale maji ya Galanos jana yalikuwa moto ingawa ni kiangazi.