Weka Maziwa Chini

Jumamosi iliyopita, saa saba na nusu usiku, vijana wawili walifika kwenye hema letu la kuwasaidia waliozidiwa na ulevi tamashani, wamemshika mwenzao kwapani. Miguu inaburura, jasho linamtiririka, anarudia neno moja tu: "Nakufa, nakufa." Mmoja wao alishika pakiti ya maziwa iliyokwisha kufunguliwa.

"Dada, tumnyweshe?"

Nikamwambia aiweke chini. Hapa Mombasa tumekua tukiambiwa maziwa yanakata kila ulevi, lakini mimi kila tamasha hurudia onyo lile lile: mtu asiyejimudu ukimmiminia kitu kinywani, kinaweza kumwendea njia ya pumzi. Mlaze ubavu, mkunje goti la juu, mdomo uelekee chini ili akitapika yatoke. Kisha usiondoe macho kifuani pake.

Alikuwa amekula keki za bangi. Kipande kimoja, akaona kimya, akaongeza viwili. Bangi ya kula si ya kuvuta; inapita tumboni na kwenye ini kwanza, huchukua nusu saa hadi saa mbili kupanda. Vipande vyote vitatu vikampandia kwa mpigo.

Kilichoniuma ni kwamba walikuwa wamemficha nyuma ya magari karibu saa nzima. "Tuliogopa askari, dada."

Ndiyo maana tunawafuata waandaaji bila kuchoka: maji ya bure, mahali pa kutulia mbali na spika, na ahadi kwamba anayemleta mgonjwa hakamatwi. Mmoja alitujibu eti hema letu litafanya watu waseme kwake kuna madawa. Madawa yapo, hema liwepo lisiwepo! Kule Canberra, Australia, mwaka 2018, tamasha la Groovin the Moo lilikuwa na hema la kupima vidonge vya kulevya vya vijana, serikali ikijua. Sisi bado tunaomba maji.

Na Pwani hii ina unga, yaani heroini. Muuguzi wetu huja na naloksoni, inayomrudishia pumzi mtu aliyezidiwa na heroini. Lakini nguvu yake huisha ndani ya nusu saa hadi saa moja na nusu, na unga ukiwa bado mwilini anaweza kuzama tena. Huyo lazima afike hospitali, na atafika tu kama wenzake hawakuogopa kumtoa gizani.

Kijana wetu alilala ubavu mpaka saa kumi. Alipozinduka aliomba maji, akauliza kama mamake amepigiwa simu. Hajapigiwa. Yule rafiki wa maziwa ameacha namba yake. Tamasha lijalo atakuwa nasi, ndoo ya maji mkononi.