Kwera asubuhi, kambare mchana: siku moja ya fundi wa samaki Nairobi

Saa 12:15 asubuhi

Kwarara wameshapita juu ya mapaa wakipiga kelele zao, na South B nzima imeamka, apendaye na asiyependa. Kabla ya kuwasha jiko hufungua dirisha la jikoni, kwa sababu nyuma ya ukuta kuna mti ambao kwera, ndege wanaosuka viota, wameugeuza kijiji tangu masika yaanze. Kazi yangu ni kutunza matangi ya samaki kwenye kliniki, ofisi na hoteli. Mengi ninayoyajua kuhusu samaki niliyaelewa vizuri baada ya kuwatazama ndege, na siku hizi natazama pande zote mbili kwa jicho moja.

Leo dume mmoja amemaliza kiota. Ananing'inia mlangoni kichwa chini, anapiga mabawa na kuita. Jike anakuja, anaingia, anavuta nyuzi moja moja kwa mdomo kupima kama zimeshika, anatoka na kwenda kwa jirani. Kiota kikikosa mwenyewe mpaka majani yakauke, dume hukibomoa na kusuka kingine palepale kwa majani mabichi. Majike hawataki nyumba kavu.

Kwenye tawi la chini ametulia ndege mdogo mwenye mgongo wa kijani kinachometameta na macho mekundu. Huyo ni kekeo. Kwera wawili wamemrukia, ameondoka, lakini hakwenda mbali. Nitamrudia mchana, kwa sababu ana ndugu yake wa tabia kwenye tangi moja kule Westlands.

Saa 1:40

Ndoo, mpira wa maji, wavu, dawa ya kuondoa klorini. Makanga wa matatu yetu ananijua, ndoo yangu inakaa nyuma ya kiti cha dereva. Pale Nyayo Stadium korongo wakubwa wamejaa juu ya migunga kama kawaida.

Saa 3:00

Kliniki ya meno, Hurlingham, tangi la samaki wa Ziwa Malawi. Kwanza napima maji. Maji ya mfereji ya Nairobi, ambayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini, ni laini, na samaki hawa wamezoea maji magumu, hivyo tangi nimelipanga mawe ya chokaa. Kisha kichungi, kisha vioo.

Dume wa buluu amekesha akichimba. Anachota mchanga kwa mdomo, anautema ukingoni, anarudi, mpaka limetokea shimo la mviringo lenye ukuta. Hawa ni siklidi, jamaa zake ngege wa Ziwa Victoria. Kule Malawi kuna jamii zao ambazo madume hujipanga kwa wingi chini ya ziwa, kila mmoja na kilima au shimo lake la mchanga, na majike hupita wakikagua kama yule kwera wa kike wa asubuhi. Lakini humo hakuna yai litakalolelewa. Mayai yakishatagwa jike huyabeba na kuondoka nayo. Kwa hiyo ukitaka ndege anayelingana naye hasa, kwera hatoshi. Inabidi uende Australia na Papua Guinea Mpya, kwa wale ndege ambao dume hujenga kibanda cha vijiti na kukipamba kwa maua na makombe, halafu jike akishapandwa huenda kutengeneza kiota mahali pengine, peke yake.

Na kuna bunju mmoja, samaki wa Japani, ambaye kwangu mimi ndiye fundi mkuu. Wapiga mbizi wa kisiwa cha Amami Oshima waliona duara kubwa mchangani, karibu mita 2 upana, limechorwa mifereji kama miali ya jua, na kwa miaka hawakujua ni kazi ya nani. Ilikuja kugundulika kwamba mchoraji ni samaki wa sentimita 12 hivi, anayelima mchanga kwa mapezi yake zaidi ya wiki nzima, huku akiweka vipande vya makombe juu ya matuta. Jike akiridhika anataga katikati. Kwa bunju huyu kibanda na kitanda cha watoto ni kimoja.

Mtoto wa miaka saba hivi, aliyeletwa na nyanya yake kung'olewa jino, amesogea mpaka pua imegusa kioo.

"Anko, huyu mbona hali?"

Amemwona haraka kuliko wakubwa wote waliokaa pale. Ni jike wa kijivu pembeni ya jiwe. Taya lake la chini limeshuka na kutuna, midomo haikutani sawasawa, na chakula kinampita usoni bila yeye kukigusa. Kila baada ya muda anafanya kama anayetafuna.

"Ana mayai mdomoni," nikamwambia. "Anayageuza yapate hewa."

"Mdomoni?" nyanya akauliza. "Na akimeza je?"

"Hamezi, shosho. Atakaa hivyo karibu wiki tatu, bila kula. Na hata wakishatoka, wakiona hatari wanarudi mdomoni."

Shosho akatikisa kichwa, akasema kuku wake naye huwaita vifaranga chini ya mabawa mwewe akipita. Nikamwambia ndivyo hasa. Tulikaa tukingoja mpaka yule jike akapanua mdomo kidogo, na ndani tukaona vidoti vyeusi viwili viwili. Yalikuwa macho ya watoto. Mtoto alipiga ukelele mpaka daktari akatoka.

Kitu ambacho sikupata nafasi ya kumwambia ni kuhusu kina baba. Kwa ndege, jamii nyingi mno hulea wakiwa wawili. Kwa samaki wanaolea, mara nyingi baba ndiye anayebaki na mayai, na farasi wa baharini wa kiume hubeba mimba kabisa kwenye mfuko wa tumboni. Ila hata ndege wanao baba wa namna hiyo. Kwenye mabwawa ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi utamwona yule ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi: dume huatamia mayai, dume hulea, na hatari ikija huwabana vifaranga kwapani na kukimbia nao, miguu yao ikining'inia nje.

Saa 7:00 mchana

Ugali na omena kwa mama wa kibandani. Omena hawa huvuliwa usiku Ziwa Victoria kwa taa, maana mwanga huwakusanya. Kundi la samaki wadogo na kundi la ndege hugeuka kwa namna moja: hakuna kiongozi, kila mmoja anafuata majirani zake wa karibu. Watafiti waliowapiga picha ndege wa Roma wanaorukaruka kwa maelfu jioni waliona, mwaka 2008, kwamba kila ndege huangalia wenzake sita au saba tu. Samaki ana la ziada, mstari wa fahamu ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji ya jirani hata gizani. Mwewe au sangara akishambulia, kundi hujibana, na macho ya mshambuliaji hayajui yamshike nani.

Saa 8:30

Hoteli, Westlands. Hapa ndipo ninapopapenda, tangi la samaki wa Ziwa Tanganyika, na ndani yake kambare wadogo weupe wenye madoadoa meusi. Wageni husema ni warembo. Meneja ananingoja na wazo.

"Fundi, nataka hawa wenye madoa tuwahamishie lile tangi la Malawi la ukumbi wa juu. Litachangamka."

Nikamwomba tukae kidogo.

Kambare huyu halei. Siklidi wanapotaga, naye anajipenyeza katikati yao na kuacha mayai yake. Jike wa siklidi, akiharakisha kukusanya mayai yake mdomoni, anayachota na ya kambare. Mayai ya mgeni huanguliwa mapema, na watoto wa kambare hula mayai na watoto wa mwenye mdomo, humo humo mdomoni, naye akiendelea kuwalinda kwa njaa yake. Mtafiti wa Kijapani Tetsu Sato ndiye aliyeiandika habari hii mwaka 1986, na mpaka leo hajulikani samaki mwingine ambaye hawezi kuzaliana bila kulelewa hivyo na samaki wa jamii nyingine.

"Huyo ni kekeo," meneja akasema, na nikafurahi kwa sababu sikuwa nimemtaja. Kwao Vihiga amewaona tangu utoto.

Ndivyo. Yule wa kijani wa asubuhi hutaga kwenye kiota cha kwera, na kinda lake likianguliwa husukuma nje mayai ya wenyewe. Lakini kwera si mjinga. Kila jike wa kwera ana rangi yake ya yai ambayo habadilishi maisha yake yote: mmoja meupe, mwingine ya samawati, mwingine yenye vidoa. Yai lisilofanana na lake hulitupa. Kekeo hawezi kujua atakutana na rangi gani.

Sasa sikilizeni hili. Kwera wa Afrika walipelekwa kisiwa cha Hispaniola, kule Karibi, zaidi ya miaka 200 iliyopita, na kisiwa cha Mauritius mwaka 1886. Huko hakuna kekeo wa kuwasumbua. Mtafiti David Lahti alipoyalinganisha mayai, mwaka 2005, alikuta rangi za kisiwani hazitofautiani tena sana kati ya jike na jike, na mayai ya jike mmoja hayakufanana tena yenyewe kwa yenyewe kama ya bara. Adui alipoondoka, ulinzi ulilegea.

Na majini? Mwaka 2018 watafiti walimweka kambare huyu na siklidi wa Tanganyika, wanaoishi naye tangu zamani, kisha na siklidi wa maziwa mengine ambao hawajawahi kumwona. Wale wa Tanganyika walimkwepa na kuyatema mengi ya mayai yake. Wale wa maziwa mengine walimlelea bila kushtuka.

"Kwa hiyo ukimpeleka juu," nikamwambia meneja, "samaki wako wa Malawi watafanya kazi ya uyaya wasiyoijua, na watoto wao hutawaona."

Akanyamaza, akalitazama tangi. Tukakubaliana wabaki walipo.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu nimechoka kusikia kwamba ndege ana akili na samaki ni kitoweo. Sijui mtu anayemwona kwera akitupa yai la mgeni asistaajabu. Siklidi anayetema yai la kambare anafanya uamuzi uleule, akiwa hana hata kiota cha kuchungulia, na mayai yote yako mdomoni mwake.

Saa 11:10 jioni

Foleni ya Waiyaki Way haisogei. Kwarara weupe wenye shingo nyeusi wanapita juu kwa mstari uliokunjwa kama mshale, wanarudi kulala. Aliyekaa nyuma ya mwenzake huegemea hewa inayopanda kutoka kwenye bawa la mbele. Samaki wanaoogelea pamoja nao huokoa nguvu kwa mikondo ya wenzao.

Nawaza mlembe. Mkenya Hussein Isack, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha mwaka 1989 utafiti wao wa kaskazini mwa Kenya, wakathibitisha waliyokuwa wakiyasema wafuata nyuki wa Kiborana: ndege yule humwita mtu, humwongoza hadi kwenye mzinga, na ukimjua unasoma kwake upande na umbali. Mtu anapasua mti, ndege anapata nta.

Bahari ya Shamu nako samaki aitwaye chewa humfuata mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, kwenye pango lake mchana na kumtikisia kichwa. Mkunga akikubali wanatoka pamoja. Chewa anatisha kwenye maji wazi, mkunga anaingia nyufani, na samaki anayewindwa hana pa kujificha. Redouan Bshary na wenzake waliandika hayo mwaka 2006. Baadaye ikaonekana kwamba chewa akipotelewa na windo ufani husimama kichwa chini juu ya mahali hasa lilipoingia, mpaka msaidizi aje.

Saa 2:00 usiku

Leo ni siku yetu ya maji, kwa hiyo nimejaza mapipa yote yakae klorini ipungue. Meneja ametuma ujumbe: anataka kibao kidogo kando ya tangi la Tanganyika, kwa Kiswahili na Kiingereza, mistari miwili tu. Yangu imefika mitano. Nimepunguza habari za ziwa na jina la kitaalamu. Sentensi ya kekeo nimeiacha, na nimemwandikia kwamba hiyo haitoki.